Shingo Yangu na Shingo ya Mama Yako

Yunis mwanangu,

Umetoka hapa na kuku mmoja kwapani, unakwenda kuaga kwa bibi yako, mama yangu, ng'ambo ya barabara, na nyumba imenyamaza hata nasikia malori yakimaliza kupanda mlima Sekenke. Kwa bibi yako hakuna kuaga kwa haraka. Utakalishwa, utapikiwa, utaombewa, kisha utafungiwa karanga za njiani ambazo hukuomba. Kwa hiyo alasiri yote ni yangu. Nimesogeza kiti dirishani, nimechukua karatasi zilizobaki kwenye madaftari yako ya shule, na ninakuandikia kwa sababu wiki iliyopita nilijaribu kusema kwa mdomo nikaharibu.

Habari za neti, za ndoo, za kutowaachia wenzako ufunguo wa sanduku, sitaziandika. Hayo mama yako mdogo Rehema amekuambia mpaka ukaziba masikio. Mimi nataka kukueleza habari ya shingo mbili, yangu na ya mama yako, halafu nikuombe jambo moja. Kesho basi la kwenda Morogoro litapita Dodoma. Nataka ushuke pale, uende hospitali, utolewe damu, kisha uendelee na safari yako ya chuo. Ni hilo tu. Najua ulishakataa. Soma kwanza.

Lakini siwezi kuanza na shingo kabla sijasema juu ya furaha yangu, maana nimekuwa nikiificha mbele yako kama mtu anayekula nyama jirani akiwa na njaa. Mwanangu, mimi nina furaha. Tangu nimwoe Rehema baada ya mavuno, naamka nikiwa nimekwisha kutabasamu, na sijui nilianza saa ngapi. Pale mashineni tunapokamua alizeti, wenzangu wananiita Bwana Harusi mpaka leo, nami naitika. Nikirudi na nguo zinazonuka mashudu, ananinusa shingoni na kusema, "Leo umekamua nyingi." Kwa watu wengine hiyo si sifa. Kwangu mimi ni wimbo.

Hujawahi kuniuliza tulianzaje. Nilikuwa nampelekea mafuta kwenye mgahawa wake pale Shelui, wanapokula madereva. Siku moja alifuta meza, akakaa mbele yangu, akaniuliza bila kuzunguka.

"Watu wanasema una kansa."

"Nilikuwa nayo."

"Imekwenda wapi?"

"Ilitolewa. Wananiangalia kila mwaka."

"Itarudi?"

"Yangu ni ya polepole," nikamwambia. "Hata ikirudi, itakuja kwa miguu."

Akafikiri kidogo. Kisha akasema, "Basi na ije kwa miguu. Itatukuta tumezeeka." Akanyanyuka kwenda kumpakulia dereva ugali, na mimi nikabaki pale nikiwa nimekwisha kuoa, ila mahari ndiyo ilikuwa bado.

Unajua kila alfajiri nameza kidonge changu, na baada yake sina ruhusa ya kula wala kunywa chai mpaka nusu saa ipite. Rehema naye hainywi yake. Anakaa na kikombe mbele yake kinapoa. Nikimwambia anywe, anasema chai ya mtu mmoja haina ladha. Hebu fikiria mtu wa umri wangu anafanyiwa mambo kama hayo.

Na katikati ya furaha hiyo, Yunis, mimi ni mpweke. Sijapata neno jingine. Rehema hakumjua mama yako. Nikicheka kitu ambacho Elipendo angekicheka, nageuka kutafuta mtu wa kuangaliana naye, na mtu huyo umekuwa wewe. Kesho nitageuka nitaona ukuta. Jana Rehema alikwenda Ikungi kwa dada yake aliyejifungua. Alisema dada yake anahitaji mtu, lakini akiwa mlangoni aliniambia ukweli wake: "Siku za mwisho ni zako na mtoto. Mimi nitakuwa nanyi siku zilizobaki." Ndiyo maana leo nyumba ina mtu mmoja, na mtu huyo anaandika.

Sasa shingo yangu.

Ulikuwa darasa la pili. Nilikuwa na uvimbe hapa mbele, upande wa kulia, nao ulikuwa umekaa muda mrefu hata nilikuwa nimeuzoea kama kidole. Hapa kwetu uvimbe wa shingo ni goita, na goita ni jambo la watu wengi; ukiona mama mtu mzima ana shingo nene hushangai. Niliutembeza mavuno mawili. Ukafikia ukubwa wa yai la kanga. Mama yako ndiye aliyenisukuma kwenda Singida, Singida wakanisukuma Dar, na Dar wakatoa kipande wakaniambia ni kansa ya tezi. Aina yake inaitwa papilari. Sikusikia jina. Nilisikia neno la kwanza, nikaona kaburi.

Wakanipasua, wakatoa tezi lote. Kisha nikapewa dawa ya mionzi ya kunywa, na mtu akiinywa hiyo hukaa peke yake chumbani mpaka mionzi ipungue mwilini, asije akawadhuru wengine. Chakula kiliwekwa mlangoni. Nesi alisema nami akiwa mbali kama mtu ninayemdai. Mama yako alipata kivuli chini ya dirisha langu, nje, akakaa huko na kanga yake, na kila nilipochungulia niliona utosi wake. Hakusema lolote, maana dirisha lilikuwa juu na yeye hakupenda kupiga kelele kwa watu. Nilikuwa naangalia zile nywele zake zilizosukwa na kuhesabu mistari. Nilimwambia baadaye kwamba kilichoniuma chumbani hakikuwa shingo, kilikuwa ukimya.

Nikapona. Daktari, yule mama kijana wa Dar, alinipapasa na kusema, "Baba, aina yako ina watu wengi wanaokufa kwa uzee." Nilikuja nalo neno hilo mpaka hapa nyumbani Misigiri.

Hapo ndipo nilipoanza kukosea.

Unakumbuka siku ya mavuno kanisani, nilipotoa jogoo. Kabla hajapigwa mnada niliomba nafasi ya kushuhudia. Nikafungua kola, nikaonyesha kovu, nikasema kansa ya shingo haiui, msiogope, nendeni hospitali mtapona kama mimi. Kina mama walipiga vigelegele. Yule jogoo alinunuliwa kwa bei ya mbuzi. Mama yako alikuwa kwenye kwaya, mstari wa mbele, na nilimwona anafuta macho.

Kuanzia hapo watu waliniletea shingo zao. Jumapili baada ya ibada wanakuja, tunakaa pale nje, nawapapasa kama daktari. "Hiki ni kidogo. Changu kilikuwa hivi." Nilikuwa na kipimo kimoja tu, nacho ni mimi. Wengi walikuwa na goita tu, wakaondoka wamefurahi, na mimi nikazidi kujiamini. Sikumwambia mtu yeyote asiende hospitali, hilo naliapia. Lakini niliwaondolea haraka. Mtu aliyekuja na hofu alirudi na subira, na subira hiyo niliitoa kwenye shingo ambayo haikuwa yake.

Halafu ikaja zamu ya nyumba yangu.

Tulikuwa tunapura alizeti uani, mama yako na mimi, wewe ulikuwa shule. Akaacha kupiga, akachukua mkono wangu na kuuweka shingoni mwake. Kilikuwa kidogo mno, punje ya njugu mawe, kigumu. Pembeni kulikuwa na kingine.

"Baba Yunis, na mimi ninacho."

Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Kwa mapenzi, mwanangu. Nilimshika mabega nikamwambia, "Karibu chamani. Sasa tutafanana makovu." Naye akacheka. Tukakaa juu ya magunia tukipanga jinsi atakavyokunywa ile dawa na mimi nitakavyokaa chini ya dirisha. Nilimwambia sitanyamaza kama yeye, nitaimba mpaka wanifukuze. Ilikuwa alasiri nzuri. Nakuambia ukweli, ilikuwa moja ya alasiri nzuri za ndoa yetu, nayo ndiyo inayoniuma kuliko siku ya msiba.

"Tuende lini?" akauliza.

"Tumalize mavuno kwanza. Changu kilingoja misimu miwili na kilikuwa yai. Hicho chako bado hakijaanguliwa."

Hakubisha. Angebishaje? Nilikuwa nimeshasema kanisani.

Kisha akaanza kuharisha. Si siku moja, wala mbili. Kila asubuhi, na uso unamwiva mwekundu ghafla kama mtu aliyeinama jikoni. Shangazi yako akasema ni umri wa kukatika hedhi. Mimi nikasema ni maji ya lambo. Tukaenda zahanati akapewa dawa za amiba, zikaisha, tukapewa nyingine. Siku moja aliniuliza, "Hii si ya shingo kweli?" Nikamjibu kwa uhakika wa mtu aliyesoma chuo cha mwili wake mwenyewe: "Mimi sikuharisha hata siku moja. Ya shingo haiharishi."

Hilo ndilo kosa langu, Yunis. Nimelizungusha miaka yote hii nikilitafutia jina jingine na sijalipata. Nilipima ugonjwa wa mama yako kwa mwili wangu. Kila kilichokuwa tofauti na changu nilikiita si chenyewe.

Tulipofika Dar, alikuwa na begi dogo, na ndani ya begi alikuwa na redio. Alikuwa amenunua redio ndogo ya betri kwa ajili ya kile chumba, kwa sababu nilimwambia ukimya ulinitesa. Yule yule mama daktari alitupokea. Walipotoa kipande na majibu yakaja, alitukalisha.

Mama yako akamuuliza, "Nitaingia chumbani lini?"

"Chumba gani, mama?"

"Cha dawa ya kunywa. Kama mume wangu."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, ile dawa haifanyi kazi kwa ugonjwa wako."

"Si kansa ya tezi?"

"Ni ya tezi. Lakini ya mumeo ni papilari na yako ni medulari."

Nikaingilia. Nikasema, dokta, tezi si ni moja, shingo si ni shingo. Yule mama hakunikasirikia. Aliniuliza, "Baba, kwenu mnafuga?" Nikasema tunafuga. "Mbuzi na kondoo wakitoka zizi moja, utasema ni wa mama mmoja?" Akatueleza taratibu kwamba ndani ya tezi kuna chembe za aina mbili, na kila aina ikiharibika inazaa ugonjwa wake. Chembe zilizoharibika kwangu bado zinapenda madini joto, kwa hiyo ukizipa dawa iliyofungwa ndani ya madini hayo zinaivuta zenyewe mpaka inaziua. Za mama yako hazina haja nayo. Zinapita mbele ya dawa kama zimeshiba. Wagonjwa wa aina yake wanategemea kisu, na kisu kinasaidia sana kikiwahi. Na kule kuharisha, na ule uso kuiva, ndivyo aina ile inavyojitangaza ikiwa imeshakwenda mbali.

Mama yako akauliza swali ambalo mimi sikuwa na ujasiri nalo: "Sisi wawili, kuishi kwetu kutaachana kwa muda gani?"

Daktari hakujifanya hajaelewa. Alisema watu wa aina yangu wanawafuatilia miaka mingi hata mafaili yanachakaa. Watu wa aina ya mama yako, wanaokutwa mapema, ugonjwa ukiwa bado ndani ya tezi, wengi nao huishi miaka mingi. Wanaokutwa umeshafika kwenye ini hutegemea neema na namna unavyokwenda, na wake ulikuwa umefika kwenye ini. "Siwezi kukupa namba, mama," akasema. "Nikikupa nitakuwa nimekudanganya."

Walimpasua, wakatoa walichoweza. Alipata muda, nao ulikuwa muda wa kweli. Alikuona unavaa sare ya sekondari. Ile redio aliileta nyumbani akakupa wewe. Mengine unayajua, ulikuwepo.

Usichokijua ni jinsi nyumba inavyokuwa mtu mmoja anapopona na mwingine asipone kwa kitu chenye jina moja. Watu walikuja kwenye msiba wakaniangalia shingo. Hawakusema. Lakini nilisikia wanavyojiuliza: huyu alipataje, mwenzake akakosaje? Alimpeleka kwingine? Alimchelewesha? Kwamba nilimchelewesha ni kweli, na daktari mwenyewe hakuweza kuniambia ni kiasi gani kingebadilika kama tungekwenda siku ile ya alizeti. Huenda kikubwa. Huenda kidogo. Tangu siku hiyo sijawahi tena kufungua kola mbele ya watu, na watu nao waliacha kuniletea shingo zao. Jumapili nikawa nakaa pale nje peke yangu. Kila mwaka nakwenda Dar, wananipapasa, wananiambia nirudi mwakani, na nikitoka getini sijui nimpigie nani simu. Unampigia nani kumwambia uko salama, wakati aliyekuwa anangoja simu hiyo ndiye aliyekufa?

Sasa wewe.

Kabla hatujaondoka na mama yako, daktari aliuliza kwao kukoje. Mama yako akasema mama yake mzazi alikuwa na goita, alikufa nayo. Daktari akaangalia chini. Akasema aina hii, medulari, kuna wakati inatembea kwenye damu ya ukoo, mzazi kwa mtoto. Wakapima, wakakuta ni hiyo ya ukoo. Yangu haiko hivyo. Yangu ilikuja yenyewe na itaondoka na mimi. Ya mama yako inaweza kuwa imepita kwako, na inaweza kuwa haijapita. Ni nusu kwa nusu, na hakuna anayejua mpaka damu isomwe.

Nilikuambia habari hizi ulipomaliza kidato cha nne, ukasema utafikiri. Wiki iliyopita nikakukumbusha, ukiwa unaosha sufuria, na ukanijibu bila kugeuka.

"Baba, mimi ni wako. Kila mtu anasema. Meno yako, kucheka kwako, hata kutembea."

"Ni kweli."

"Basi kama nitaugua nitaugua ya kwako."

Nikasema haiendi hivyo. Ukasema, "Wewe ulikaa nayo miaka hujui na ukapona. Mama alijua akafa. Kujua kumemsaidia nani?" Nikapandisha sauti, nikasema wewe ni mtoto hujui kitu. Ukaweka sufuria chini, ukasema, "Umeshapata wa kukaa naye. Niache na mimi niende." Ukaingia ndani.

Sikulala vizuri, lakini si kwa sababu ya hasira. Ni kwa sababu nililisikia kosa langu likitoka mdomoni mwako. Unafanya hesabu niliyoifanya mimi. Umechukua shingo iliyopona ukaifanya ndiyo shingo. Umerithi meno yangu, Yunis, lakini naogopa kwamba umerithi na ule ushuhuda wangu wa kanisani.

Kuhusu kujua kulimsaidia nani, nimelifikiria jibu siku zote hizi. Mama yako hakufa kwa kujua. Alijua wakati kujua kulikuwa kumechelewa, na huo si ujuzi ule ule. Wewe uko mahali ambapo yeye hakuwahi kusimama. Damu ikisema hapana, utakuwa umetua mzigo huo na hutaubeba tena, wala watoto wako. Ikisema ndiyo, kuna vipimo vingine, na wakiona inafaa watatoa tezi kabla ugonjwa haujaanza au ukiwa bado mchanga, na utameza kidonge kila alfajiri. Ni hicho kidonge changu. Si maisha mabaya. Mimi nimeoa nikiwa nacho.

Na kuhusu kupata wa kukaa naye. Hilo lilinichoma, nami sitajifanya halikunichoma. Ni kweli nimempata, na nampenda hata najionea aibu. Lakini furaha si kiti kimoja kwamba akikaa huyu yule asimame. Nikiwa na Rehema huwa namkumbuka mama yako zaidi, maana moyo uliofunguliwa mlango haumchagui wa kuingia. Na wewe ukiondoka hutaniachia nafasi. Utaniachia tundu.

Nitakuambia na jambo jingine, ambalo Rehema peke yake analijua. Sikukusukuma mapema kwa sababu niliogopa kuwa peke yangu. Maadamu hujapimwa, ulikuwa mzima. Nilikuwa nakuangalia unakula, unabishana na redio, unafukuza kuku kwenye alizeti, na ninajiambia: mzima. Nilitaka kukaa na mtoto mzima muda mrefu kadiri nitakavyoweza. Nilimweleza Rehema usiku wa kuamkia ule ugomvi wetu, nikamwambia kesho nitampa mtoto moyo, nitamwambia kwamba hata ikiwa ndiyo, atapona tu. Akanikatiza.

"Ulimwahidi mama yake," akasema. "Usimwahidi mtoto."

"Sasa nimwambie nini?"

"Mwambie unachokijua. Kikiisha, nyamaza."

Huyo ndiye mwanamke niliyemwoa, mwanangu, na ungempa nafasi ungeona kwamba hakuja kufuta mtu.

Basi ninachokijua kimekwisha. Yangu ilikuwa ya polepole. Ya mama yako haikuwa. Yako, kama ipo, sijui itakuwaje, na nikikuambia najua nitakuwa nimekaa tena juu ya yale magunia nikicheka.

Nilitaka kuishia hapo, lakini umerudi. Nimeona kupitia dirishani umeingia uani na mfuko wa karanga, na yule kuku wa safari uliyetoka naye, umeshamchinja huko huko kwa bibi. Umekaa kwenye kigoda na beseni la maji ya moto, unamnyonyoa, nami nimeendelea kuandika kwa sababu sikujua uso gani nitoke nao.

Umeniita bila kuinua kichwa. "Baba, unaandika nini toka mchana?"

"Barua."

"Ya nani?"

"Yako."

"Na mimi niko hapa?"

Ukacheka, na kicheko ni changu kweli, wasemao hawakosei. Kisha ukanyonyoa bawa zima. Nikaona mikono yako imesimama ndani ya beseni.

"Nikipimwa nikakutwa nao," ukasema, "itakuwa kama wewe au kama mama?"

Jibu lilikuwa limeshafika mdomoni. Kama mimi, mwanangu, kama mimi, usiogope. Limekaa ulimini mwangu miaka yote hiyo na linajua njia. Nikalizuia.

"Sijui," nikasema.

Hukushtuka. Ulinitazama kama vile ndiyo mara ya kwanza nimekujibu kitu. Ukarudi kwenye kuku.

"Bibi naye anasema hajui," ukasema. "Wewe una kazi kesho mashineni?"

"Ninayo."

"Waombe ruhusa."

"Ya kwenda wapi?"

"Baba, si tunashuka Dodoma."

Ulisema tunashuka. Nimelisikia vizuri. Umeinuka kwenda kumwaga manyoya, na mimi nimebaki na kalamu, macho hayaoni mstari, ndiyo maana mwandiko hapa umelegea.

Barua nitakupa hata hivyo. Usiisome kwenye basi. Damu yako itasafirishwa mbali na majibu hayaji haraka. Nitakusindikiza mpaka getini pa chuo, kisha nitarudi Misigiri, na wewe utabaki kwenye chumba cha watu usiowajua ukingoja jambo usiloweza kumweleza yeyote kati yao. Isome hapo. Na mimi kwa wakati huo nitakuwa huku nangoja lile lile, nikiwa sijui, sawasawa na wewe.

Sasa naacha, nikamtafute msimamizi wa mashine kabla hajafunga.

Baba yako.